Pentium III ya marehemu ami: nipige Windows 98 au XP?

Mwana wa Limbani

Assalamu alaykum wakubwa na wadogo.

Mie mtu wa Wete, ila nakaa Unguja, Jang'ombe. Juma lililopita binamu yangu kaniletea mzigo kwa boti kutoka Mkoani, umeviringwa mkeka na kufungwa kamba ya usumba. Ndani yake kompyuta ya marehemu ami. Aliyekuwa mtoto Limbani mwaka 2000 ataijua. Ami alirudi nayo kutoka Dubai, akaitia chumba cha mbele, karibu na dirisha la barazani, na sisi tukitoka chuoni tunapanga foleni na misahafu mkononi. Sharti lake lilikuwa moja: kwanza umsomee pale ulipoishia. Ukibabaika unarudi kwenu, foleni inasogea. Mie nimehifadhi Juzuu Amma kwa ajili ya FIFA 98, Mola anisamehe nia yangu.

Na umeme wa Pemba siku zile ulikuwa wa majenereta, waya wa baharini kutoka Tanga haukufika mpaka 2010, kwa hiyo mechi nyingi zilikatikia dakika ya themanini. Kaka yangu mpaka leo anasema pana fainali nilimdhulumu. Sikumdhulumu. Taa zilizima.

Basi. Mashine imekaa ghalani miaka kumi na zaidi, ubavuni mwa magunia ya karafuu. Nilipolifungua kasha ilitangulia harufu ya karafuu, likafuata vumbi, kisha mjusi mkavu kajilaza juu ya feni kama yuko kitandani kwake. Nimesafisha kwa brashi ya rangi na spiriti ya duka la dawa. Vilivyomo ni hivi: Pentium III ya MHz 600, ile inayochomekwa wima kama kaseti. Madabodi ina chipseti ya Intel 440BX. Ramu MB 128. Diski GB 10. Kadi ya picha Voodoo3 3000 ya AGP. Kadi ya sauti Sound Blaster AWE64, imekaa kwenye ile sloti ndefu nyeusi ya zamani. Tundu la sidii lipo, la flopi lipo. Monita ya ami ilishakufa, nimeazima hizi bapa, ina plagi ya VGA.

Nimeiwasha. Imehesabu ramu, ikalalamika tarehe imepotea, ikaanza kufungua Windows 98, ikagota katikati. Diski inatoa mlio, tik, tik, tik, kama mtu anagonga karanga.

Sasa nimekwama kwenye kuchagua. Kijana mmoja fundi wa simu kaniambia "piga XP, 98 imekufa zamani". Jirani yangu kasema nitie Linux nyepesi. Mwengine kasema Windows 2000. Mie sitaki intaneti kwenye mashine hii, sitaki kuandikia barua wala kutazama filamu. Nataka gemu nne tu: FIFA 98, Need for Speed II SE, Age of Empires ya kwanza, na Prince of Persia ile ya DOS, mfumo wa kabla ya Windows. Sidii zote ninazo, ami alizihifadhi kwenye kopo la biskuti.

Nipige ipi? Naogopa kukosea maana subira sina.

---

Fundi wa Kikwajuni

Wa alaykum salaam. Yakhe, kabla ya 98 na kabla ya XP, izime hiyo mashine. Sasa hivi. Huo mlio wa tik tik ni diski inaaga. Kila ukiiwasha unaipunguzia umri, na wewe unataka kupiga Windows juu yake? Itoe, itie kwenye adapta ya IDE (ule unganisho wa diski za zamani) kwenda USB, ichomeke kwenye laptopu yako, unakili kila kilichomo kwa mkupuo mmoja. Hata kama unadhani hamna kitu. Watu wamezoea kusema "ni gemu tu", kisha baada ya kuformati ndio wanakumbuka.

La pili, tizama nyuma ya pawa saplai. Nyingi za zama hizo zina kiswichi chekundu, 115 na 230. Umeme wetu ni volti 230. Watoto wanapenda sana kukichezea hicho kiswichi, na mashine imepita mikono ya boti na gari. Kikisogezwa kikawa 115 utasikia mlipuko, halafu harufu ambayo karafuu haitaifunika.

La tatu, kepasita za madabodi. Vile vipipa vidogo, juu vinatakiwa viwe bapa. Kilichovimba au kilichotoa ugiligili kibadilishwe kabla ya chochote. Ukikaa pwani, chumvi haina huruma: piga spiriti hata kwenye meno ya ramu na ya kadi. Na kile kibetri cha CR2032 kitoe, tia kipya, tarehe itakaa.

Ukimaliza hayo njoo tuzungumze Windows.

---

Dogo wa Mlandege

Kaka mie namuunga mkono huyo fundi wa simu. XP ni imara, haina ile skrini ya buluu kila ukikohoa. Ukichomeka fleshi inaitambua hapo hapo. Ukitia 98 utahangaika na draiva, zile programu za kuitambulisha Windows vifaa vyako, mpaka uchoke. Na Pentium III MHz 600 inaibeba XP bila tabu, masharti yake ya chini yalikuwa MHz 233 na ramu MB 64. Sasa wewe una mara mbili ya hayo, tatizo liko wapi?

---

Fundi wa Kikwajuni

Dogo, umesema kweli tupu, lakini umejibu swali jengine. Yeye hajauliza mashine inabeba nini. Punda anabeba magunia mawili, haina maana umpakie mawili ukienda naye sokoni kununua bilingani.

Mwana wa Limbani, angalia hiyo kadi yako ya picha, jibu lako liko hapo. Voodoo3 ni ya kampuni ya 3dfx. Kampuni hii ilikuwa na lugha yake ya kuzungumza na gemu, jina lake Glide. Miaka ile ya 1997, 1998, gemu nyingi zilikuwa na njia mbili au tatu za kuchora picha, na Glide mara nyingi ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Need for Speed II ya mwanzo haikuwa nayo, SE ndiyo iliyoongezewa. FIFA 98 nayo inaitumia 3dfx. Kama ulicheza hizi kwa ami yako na ukaja kuzicheza baadaye kwenye mashine nyengine ukaona "mbona haziko vile", si uzee wako. Ni Glide haipo.

Sasa hesabu miaka. Desemba 2000 3dfx walikubali kuuza mali zao kwa Nvidia. XP imetoka Oktoba 2001. Yaani XP inazaliwa, mwenye kadi keshakwenda zake. Draiva ya XP yenye Glide kutoka kwa kampuni yenyewe haikuwahi kuja. Wako wapenzi waliojitengenezea zao, na baadhi ni kazi nzuri, lakini utakuwa unahangaika wewe kutafuta kitu ambacho kwenye 98 kimo tayari, kimepimwa, kimekaa.

Na hiyo AWE64 ni kadi ya sloti ya ISA. Hiyo ni dhahabu kwa gemu za DOS, zinaikuta pale pale zilipozoea kuikuta. XP haina DOS ndani yake, ina mwigo. Gemu ikitaka kugusa kadi ya sauti moja kwa moja, XP inaikataza. Prince of Persia itakwenda bubu, au itatoa sauti kama bata. Windows 2000 hivyo hivyo, ni ukoo mmoja. Windows Me wala usiitaje mbele yangu: iko juu ya DOS ile ile halafu wakauficha mlango.

Kwa hiyo Windows 98, na iwe Second Edition, ile ya 1999. Ukiizima inakuuliza kama unataka kuanza upya kwenye MS-DOS, na ukikubali unajikuta kwenye DOS ya kweli. Ramu ongeza ifike 256 ukipata, lakini usipitishe 512, juu ya hapo 98 inachanganyikiwa mpaka uirekebishe kwa mkono. Nyengine: XP itataka uisajili ndani ya siku 30. 98 inataka namba ya kwenye kasha la sidii tu, basi, mmeachana.

---

Dogo wa Mlandege

Hapo kwenye bilingani umenimaliza mzee. Glide sikuijua. Lakini fleshi je? Atapeleka vipi draiva?

---

Msafiri wa Fumba

Jamani Linux na DOSBox mbona mmeiruka? Bure, halali, haina virusi.

---

Fundi wa Kikwajuni

Hatukuiruka. DOSBox inaigiza prosesa nzima kwa programu, inataka nguvu. Kwenye laptopu ya leo ni raha. Kwenye Pentium III ya 600 utapata mwendo wa 386 au 486 iliyochoka, prosesa za kale, ilhali mashine yenyewe inaweza kuiendesha DOS moja kwa moja bila ya kuigiza. Ni kumkodi mtu akuigie sauti ya mkeo na mkeo yuko jikoni.

---

Ukhti wa Tibirinzi

Assalamu alaykum. Mimi nafundisha kompyuta skuli hapa Chake, na chumba chetu kwa miaka mingi kilikuwa na mashine za umri huo huo, kwa hiyo hili nimelilia machozi yangu kabla yenu.

Kaka Mwana wa Limbani, hiyo diski ya zamani usiirudishe ndani. Kuna adapta ndogo zinazopokea kadi ya SD, kama za kamera, na kuigeuza ionekane kama diski ya IDE. Kadi ya GB 16 inakutosha na kubaki. Usinunue kubwa kwa tamaa: bayosi nyingi za madabodi za wakati huo, yaani programu zinazoiamsha mashine, zikiona diski inayopita GB 32 zinaganda kabla hata hazijaanza, na FDISK, chombo cha 98 cha kugawia diski, nayo ikifika juu ya GB 64 inasoma hesabu za ajabu. Na kadi haina mlio, haina joto, haiogopi kuanguka.

Hapo ndipo anapojibiwa mdogo wetu wa Mlandege. Ni kweli 98 SE haitambui fleshi mpaka uitilie draiva yake. Lakini kadi ya SD unaichomoa, unaitia kwenye laptopu, unamimina draiva na mafaili yako, unairudisha. Umemaliza. Humo humo nakili folda ya WIN98 kutoka kwenye sidii, upigie kutoka hapo. Inakwenda haraka, na baadaye kila inapoitaka sidii (nayo huitaka kwa kila jambo, hata ukibadilisha kipanya) utaielekeza kwenye folda hiyo.

FDISK ikikuuliza kama unataka kuruhusu diski kubwa, jibu ndiyo, ndipo utapata FAT32, mpangilio unaokubali vipande vikubwa vya diski. Ukijibu hapana utabakishwa na vipande vya GB 2 na utanilaumu mimi.

Jambo la mwisho, na hili ndilo nililolipenda zaidi sisi tulipolijaribu: si lazima uchague moja. Nunua kadi mbili. Moja itie 98 SE. Ya pili itie unachotaka, hata XP ya huyu kijana, au FreeDOS. FreeDOS ni DOS huru, aliianzisha Jim Hall mwaka 1994, na mpaka leo inaendelezwa, haina shida ya namba wala leseni. Ukitaka kubadilisha unazima, unachomoa kadi, unatia nyengine. Hakuna kugawa diski, hakuna kuharibu moja kwa ajili ya nyengine.

---

Mwana wa Limbani

Nimerudi. Samahani kwa kimya, siku nne hizi sikulala vizuri.

Kiswichi kilikuwa 230, alhamdulillahi. Kepasita mbili zimevimba karibu na prosesa, nimempelekea fundi wa redio pale Mwanakwerekwe, kazibadilisha huku anasimulia habari za shamba lake. Kibetri nimetia. Adapta ya SD nimeipata kwa mtu anayeagiza vitu China, bei yake kama sahani mbili za pilau. Kadi nimenunua mbili.

Diski ya ami nimeinakili usiku, kama alivyosema Fundi. Ilitoa roho kwenye asilimia tisini na kitu. Zilizobaki sikuzipata, lakini nyingi zimetoka. Yakhe, nakushukuru. Sikutarajia kitu zaidi ya gemu. Nimekuta barua za ami za biashara, hesabu za vikarafuu vyake, na ndani ya Age of Empires, kwenye folda ya ramani, faili jina lake PEMBA.SCN.

Nilikuwa nimesahau kabisa. Mie na kaka yangu tuliichora likizo moja ya masika, mvua haikatiki, hatuwezi kwenda kucheza nje. Ile gemu ina sehemu ya kujichorea ramani yako. Tuliuchora mji wa Wete juu, Chake katikati, Mkoani chini, na bahari pembeni kote. Mikarafuu tulitumia ile miti ya kawaida, tukaipanda kila mahali mpaka hapana pa kupita. Kwetu Limbani tukatia simba wawili wa kumlinda ami. Nimeifungua baada ya kupiga 98, simba mmoja kamla mkulima kabla sijashika kipanya.

Kupiga 98 kumechukua chini ya saa moja, na nyingi katika hizo nilikuwa natizama tu ule mstari wa buluu ukijaa. 440BX imeijua yenyewe. Voodoo3 nimeitia draiva ya 3dfx. DirectX, ile ya Microsoft ya picha na sauti za gemu, sikugusa, nimeacha ile 6.1 iliyokuja na SE, kila kitu kinakwenda. Nimefungua Need for Speed, nikachagua 3dfx. Sitaki kusema mengi. Mke wangu kaja kutoka jikoni kuuliza nacheka nini peke yangu.

FIFA 98 nimeicheza ile ya ndani ya ukumbi, mpira unagonga ukuta na kurudi. Dogo, hii lazima uje uione.

Tatizo limebaki moja. Prince of Persia ndani ya Windows ina sauti. Nikianza upya kwenye MS-DOS inakwenda bubu. Fundi, si ulisema AWE64 ni dhahabu?

---

Fundi wa Kikwajuni

Ni dhahabu iliyolala. Hiyo kadi ni Plug and Play, yaani hungoja mfumo uipangie namba zake, na kwenye DOS tupu hapana wa kuiamsha. Kwenye sidii yake pana programu ndogo inaitwa CTCM, hiyo ndiyo ya kuiita kwanza. Kisha uiambie gemu kadi iko wapi kwa mstari huu:

SET BLASTER=A220 I5 D1 H5

Angalia kwanza ndani ya Windows, kwenye orodha ya vifaa, kama namba zake ni hizo. Kama I (yaani IRQ) ni 7 andika 7. Yote mawili yaandike kwenye faili DOSSTART.BAT lililomo folda ya WINDOWS, kwa sababu hilo ndilo linalosomwa kila ukishuka kwenda MS-DOS kutoka 98.

Na Voodoo3 3000 iguse baada ya nusu saa ya mchezo. Iguse kwa uangalifu. Ina bamba la kupozea tu, feni haina, na imetengenezwa bila kufikiria joto la kaskazi Jang'ombe. Mfungie feni ndogo mbele yake, hata kwa uzi.

---

Ukhti wa Tibirinzi

Hiyo PEMBA.SCN ninaiomba. Nina wanafunzi hawajui Limbani iko wapi.

---

Mwana wa Limbani

Nakutumia leo, lakini waambie Mkoani imekaa upande usio wake, kaka yangu ndiye aliyechora kusini.

CTCM imefanya kazi. Mlango wa chuma unashuka na sauti yake ile ile, na zile dakika 60 za kumuokoa binti mfalme bado hazinitoshi. Kadi ya pili nimeitia FreeDOS, XP nimeiacha. Dogo usikasirike.

Mtoto wangu wa miaka tisa kaiona jana. Kwanza kaigusa skrini kwa kidole, akangoja. Nilipomwambia kipanya kiko huku kanitizama kama mimi ndiye niliyeharibika. Baada ya magoli mawili hataki kuinuka. Nikamuuliza umeishia wapi chuoni? Kasema An-Naba. Nikamwambia haya, nisomee. Kababaika aya ya kumi na tano, nikamrudisha kwa mama yake. Kaka yangu nimempigia simu kumsimulia, kacheka mpaka simu ikakatika, kisha akanipigia tena kunidai ile fainali.

Feni niliyoifunga kwa uzi inapiga kelele kama cherehani. Mafuta ya cherehani yanafaa kuitia?

---

Fundi wa Kikwajuni

Yanafaa. Tone moja, kwenye mhimili, chini ya ile stika. Usitie ya kupikia kama alivyofanya shemegi yangu, mashine ilinukia mandazi mwezi mzima.